Fomu ya malalamiko ya uzito: tuandike "uongo", "si kweli", "batili" au "ghushi"?

Karani wa Kitangari:

Habari za jioni, wandugu. Naomba msaada wa wenye lugha yao, hasa walimu na watu wa mahakamani.

AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huku Newala inaandaa fomu mpya ya malalamiko ya mkulima kabla ya minada ya korosho ya Oktoba. Fomu ya zamani ina mstari mmoja tu: "Taarifa iliyotolewa ni ya uongo: NDIYO / HAPANA". Stakabadhi ikiandikwa kilo 68 badala ya 86, mkulima anaweka alama kwenye NDIYO. Mpima mizani naye anaona ameitwa mwongo mbele ya bodi, na shauri la kilo 18 linageuka shauri la heshima. Kikao kizima kinaishia kwenye nani kamvunjia nani adabu, na zile kilo hazizungumzwi tena.

Wajumbe wamegawanyika. Mmoja anataka tuandike "taarifa batili". Mwingine anataka "stakabadhi ghushi". Wa tatu anasema "udanganyifu" linatosha kila mahali. Maswali yangu: lipi linakaa wapi? Mizani yenyewe inaweza kusemwa kuwa "imesema uongo"? Na tukiwa hapo hapo, sahihi ni uongo, uwongo au urongo? Mwongo au muongo? Fomu itachapwa nakala nyingi, sitaki ipigwe chapa na makosa.

---

Mwalimu Mikindani:

Karani, nianze na tahajia maana ndiyo nyepesi.

Andika *uongo*. *Uwongo* nalo limeandikwa sana, wala usimcheke anayeliandika: ile w hujitokeza yenyewe ulimi unapotoka kwenye u kwenda kwenye o. Ila katika hati moja shika umbo moja tangu juu hadi chini. *Urongo* ni la kaskazini, Mombasa na Lamu, na mimi nalipenda kwa sababu linatuonyesha kwamba kati ya u na o kulikuwa na konsonanti ambayo kwetu imedondoka. Kiswahili kimeangusha l nyingi za kale namna hiyo, na bado zinachungulia ukinyambua kitenzi: kukaa lakini kukalia, kuvaa lakini kuvalia, kuzaa lakini kuzalia.

Neno hili halina wingi. Wimbo huleta nyimbo, uso huleta nyuso, lakini uongo hauleti "nyongo", kwani nyongo ni ile iliyo kwenye ini. Ukitaka kuonyesha wingi, sema *uongo mwingi* au *maneno ya uongo*. Upatanisho wake ni huu: uongo huu, uongo wake, uongo mtupu.

Mtu ni *mwongo*, wingi *waongo*. Mu- ikikutana na o huwa mw-: mwokozi, mwongozo, mwongo. Hubaki mu- mbele ya u: muundo, muungano. Wengi huandika *muongo* kwa kipindi cha miaka kumi ili wasichanganye na mtu asemaye uongo, na sababu yao inaeleweka. Ukipata shaka peleka neno kwenye wingi: *waongo* ni watu, *miongo* ni makumi.

Halafu kuna jirani wa hatari ambaye mchapaji wako lazima amjue: *mwongofu*. Huyo ni mtu aliyeongoka, aliyeshika njia iliyonyooka, na hali yake ni *uongofu*. Mwongo na mwongofu wanatofautiana kwa silabi moja tu, na maana zimepeana mgongo.

Sasa maana, na hapa ndipo fomu yenu ilipoumia. *Uongo* hubeba mambo mawili kwa mpigo: neno haliendani na jambo lilivyo, na msemaji anajua hivyo. Likikosekana la pili, hakuna uongo, kuna kosa. Mkulima akisema "korosho zangu ni daraja la kwanza" kwa sababu ndivyo anavyoamini, halafu kipimo cha ubora kikatoa daraja la pili, amekosea. Akisema hivyo huku anajua kwamba katikati ya gunia amechanganya za msimu uliopita, hapo amesema uongo. Sentensi ni ile ile, herufi kwa herufi.

Ndiyo maana karatasi ya mtihani humwambia mwanafunzi aandike KWELI au SI KWELI. *Si kweli* inaipima sentensi peke yake, haimgusi aliyeitamka. *Uongo* inaipima sentensi na kuingia moyoni mwa mtu. Mstari wenu wa zamani ulimtaka mkulima atoe hukumu ya moyo wa mpima mizani kwa alama moja ya kalamu. Hana namna ya kuijua.

Na andikeni *si kweli*, siyo *sio kweli*. "Si" ndiyo kikanushi cha "ni".

---

Mpima wa Nachingwea:

Mwalimu kasema vizuri. Mimi najibu lile la mizani.

Mizani haisemi uongo. Mizani *inasoma vibaya*, au *ni mbovu*, au *haijahakikiwa*, au *imechezewa*. Maneno manne, hali nne, na kila moja ina namna yake ya kuonekana:

Inasoma vibaya: iko juu ya sakafu isiyo sawa, au ikiwa tupu haisomi sifuri. Kabla ya gunia la kwanza, kila siku, iangalieni ikiwa tupu. Kama imezidi au imepungua sifuri kwa nusu kilo wakati hakuna kitu, kila gunia litaongezwa au kupunguzwa nusu hiyo, na ukipima magunia 40 moja moja hesabu imepotoka kilo 20 bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Mbovu: wekeni jiwe la mizani la kilo 20 lililohakikiwa, kwanza katikati ya sahani, kisha kwenye kila pembe. Likisoma 20 katikati na 19.6 pembeni, mizani hiyo inahitaji fundi. Gunia likikaa upande, mkulima ameumia.

Haijahakikiwa: uhakiki wa Wakala wa Vipimo hufanywa kila mwaka, na mizani hubandikwa stika. Stika ya mwaka uliopita haina maana kwamba kilo ni za uongo. Ina maana hakuna aliyezithibitisha. Hayo ni mambo mawili.

Imechezewa: lakiri imekatwa, au kuna kitu kimefungwa chini ya sahani. Hapo ndipo neno *udanganyifu* linapoingia, kwa sababu kuna mkono wa mtu.

Malalamiko mengi ninayoyafahamu ya "uzito wa uongo" yanatoka kwenye gunia tupu. Gunia la katani lina uzito wa karibu kilo 1. Magunia 12 yakipimwa pamoja yakasoma kilo 972, stakabadhi itaandikwa 960, yaani kilo 80 kwa kila gunia baada ya kutoa kilo 12 za magunia. Mkulima aliona 972 kwa macho yake, anasoma 960 kwenye karatasi, anasema ameibiwa. Nambari zote mbili ni za kweli. Kinachokosekana ni maneno mawili kwenye stakabadhi: *uzito wa jumla* na *uzito halisi*. Yaandikeni yote mawili, malalamiko yatapungua.

Na unyevu pia. Korosho zilizopimwa nyumbani kabla hazijakauka, zikaanikwa siku kadhaa kwenye jamvi, zitapungua uzito. Kilo zimekwenda na maji, hakuna aliyezichukua.

---

Mkulima Tandahimba:

Nimewasoma wote na nawaheshimu, lakini nasema wazi kwamba naona hatari. Maneno laini ndiyo yanayofunika wizi. "Imesoma vibaya", "tarakimu zimekosewa", "si sahihi"... mkulima mwenye ekari mbili anasikia hayo msimu hadi msimu na kilo zake hazirudi. Kangomba, yule mnunuzi wa magendo, akija kijijini na bakuli lake, hasemi neno hata moja la uongo. Anasema "bakuli moja bei hii", na bakuli ni moja kweli, na bei anailipa kweli. Lakini bakuli limegongwa kwa ndani mpaka kitako kimetokeza nje, na linajazwa kwa kilele. Hapo mtaniambia tuandike "si kweli"?

Neno kali lisifutwe kwenye fomu. Mkulima akikosa pa kuandika "nimedanganywa", mtakuwa mmemnyima lugha.

---

Wa Masjala, Lindi:

Ndugu wa Tandahimba, hoja yako ni nzito na mfano wako wa bakuli ndio bora kuliko yote humu, kwa sababu unaonyesha kwa nini *uongo* na *udanganyifu* si kitu kimoja. Uongo unahitaji usemi. Udanganyifu unaweza kufanywa kwa ukimya, kwa kitendo, hata kwa kusema kweli nusu. Yule wa bakuli lililotokeza kitako hakusema uongo, *amedanganya*. Bakuli hupima ujazo, naye anamwachia mkulima aamini kwamba anajua uzito anaouza. Kwa hiyo neno kali libaki, ila liwe lile linalomshika. Ukimshitaki kwa uongo atakuuliza "nilisema nini?", na utakosa jibu.

Niyapange haya maneno kama yanavyotumika kwenye majalada. Tangu Sheria Na. 1 ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo kuyachanganya kuna gharama.

Batili. Swali lake ni: je, kina nguvu? Halihusu kweli. Mkutano mkuu wa AMCOS ukikaa bila akidi, maamuzi yake ni batili, hata kama muhtasari umeandika kila neno kwa uaminifu. Mkataba, uchaguzi, ndoa huwa batili. Kilo haziwi batili. Kwa hiyo "taarifa batili" kwenye fomu yenu liondoeni.

Kughushi. Hili ni la hati. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaeleza kughushi kuwa ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Angalieni vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapoteleza. Katika maana ya kawaida, hati ya kughushi ni ile inayodanganya *kuhusu yenyewe*: nani kaiandika, nani kaisaini, lini. Mambo yaliyomo ndani yanaweza hata kuwa kweli. Mfano: kilo 960 ni sahihi kabisa, lakini karani ameweka sahihi ya mkulima ambaye hakuwapo, ili malipo yapitie kwa mtu mwingine. Nambari ni kweli, hati imeghushiwa. Geuza: stakabadhi ni halali, imetolewa na mwenye mamlaka, sahihi zote ni zenyewe, ila kwa makusudi kaandika 860 badala ya 960. Kwa maana hiyo ya kawaida hati haikughushiwa, ingawa sheria inaweza kuipanua maana ya hati ya uongo. Taarifa iliyomo ndiyo ya uongo. Mjumbe wenu anayetaka "stakabadhi ghushi" kila mara nambari zisipolingana anamtuhumu karani kosa zito kabla ya kujua kama kulikuwa na makusudi.

Mtakumbuka uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, orodha iliyotolewa Aprili 2017 yenye majina 9,932. Mtaani wote waliitwa "wenye vyeti feki", na neno limeenea mpaka halirudi. Lakini cheti kilichochapwa uchochoroni ni cha kughushi, na cheti halali cha mtu mwingine kilichotumiwa na asiyekuwa mwenyewe hakikughushiwa hata kidogo. Uongo uko kwa anayekibeba.

Udanganyifu. Kosa la kujipatia mali au fedha kwa njia ya udanganyifu linataka mtoa maelezo awe anajua kuwa si kweli, au haamini kuwa ni kweli. Mwalimu wa Mikindani kasema jambo lile lile kwa upande wa lugha. Kutojua kwa dhati hakumfanyi mtu kuwa mdanganyifu.

Kusingizia. Hili wamelisahau wote, na mimi ningelitaka kwenye fomu kuliko hayo mengine. Kumsingizia mtu ni kumbebesha tendo asilolifanya. Fomu ya malalamiko isiyo na ulinzi hugeuka mlango wa masingizio.

Pia *taarifa za uongo* ndiyo istilahi ya kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Nalitaja kwa sababu wakulima wengi sasa hupiga picha stakabadhi na kuirusha kwenye makundi ya simu ikiwa na maneno "AMCOS yetu waongo". Kabla ya kurusha, andika ulichokiona: "stakabadhi inasema 68, daftari la mizani linasema 86". Hayo unaweza kuyatetea popote.

---

Binti Kilwa:

Naongeza dogo. Kitenzi *kuongopa* kiangalieni sana wakati wa kuchapa. "Shahidi aliongopa" na "shahidi aliogopa" vinatofautiana kwa n moja. Kwenye simu zenye kusahihisha maneno, n hiyo hupotea. Kwenye maelezo ya shahidi ni bora kuandika "alisema uongo", haina njia ya kusomwa vingine.

Na mwongo wa makumi si wa miaka peke yake. Wavuvi na wakulima wa pwani walihesabu mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa pwani: miongo 36 na siku 5 za kuongezea. Ukimsikia mzee akitaja mwongo wa ngapi, hamtukani mtu.

---

Mwalimu Mikindani:

Asante, binti, hilo la miongo ni hazina.

Wa Masjala kagusa kusingizia, nami naongeza kundi dogo la karibu yake, maana kwenye vikao vya bodi huyasikia yote yakirushwa kwa jina la "uongo".

*Uzushi* ni habari isiyo na shina, mtu *kaizua*. Anayeipokea na kuipeleka mbele akiamini si mzushi. *Upotoshaji* ni kuchukua jambo la kweli na kulipinda. Ukitangaza bei ya mnada ya daraja la pili bila kutaja daraja, ili wakulima waamini bei imeanguka, nambari yako ni sahihi na umepotosha. *Chuku* ni kuongeza: alileta magunia 5, yanasimuliwa 15. Asili yake, chuku ni ile pembe ya kuumikia, inayovuta damu mpaka ngozi inavimba, na kwangu mimi maneno yaliyovimbishwa hayangepata jina zuri zaidi. *Fitina* inaweza kuwa kweli tupu iliyopelekwa kwa mtu asiyestahili kuisikia ili wagombane, kwa hiyo usijibu fitina kwa kusema "ni uongo", jibu hilo litakuumbua.

Za vijana, *chai*, *fiksi*, *kamba*, zibaki barazani. Zina utani ndani yake na fomu haina utani.

---

Karani wa Kitangari:

Nimenufaika sana. Nimeandika upya, naomba mpitishe jicho:

*A. Uzito ulioandikwa kwenye stakabadhi: kilo ......*
*B. Uzito uliosomwa kwenye mizani, kama unavyoonekana kwenye daftari la mizani: kilo ......*
*C. Mlalamikaji anadai kuwa (weka alama moja au zaidi):*
*(i) tarakimu zimekosewa katika kuandika;*
*(ii) mizani ilisoma vibaya au haikuhakikiwa;*
*(iii) uzito wa magunia haukutolewa sawasawa;*
*(iv) uzito ulibadilishwa kwa makusudi;*
*(v) sahihi au jina kwenye stakabadhi si la mhusika.*
*D. Maelezo.*

Neno "uongo" halimo tena. Ndugu wa Tandahimba, (iv) ni kwa ajili yako.

---

Mkulima Tandahimba:

Hiyo (iv) naikubali. Lakini msiifiche katikati. Na iwe na nafasi ya kuandika, si alama tu.

---

Wa Masjala, Lindi:

"Anadai" ni neno zuri, libaki. Halisemi kweli wala uongo, linasema tu nani kaleta hoja. Kwa huyo mwingine andikeni *mlalamikiwa*, msiandike "mtuhumiwa".

Sehemu ya D igawanye mara mbili. Juu: "Niliyoyaona au kuyasikia mwenyewe". Chini: "Niliyoambiwa, na aliyeniambia ni ......". Hati ya kiapo mahakamani hutenganisha hivyo hivyo, na sababu ni ya vitendo: mtu akichanganya alichokiona na alichoambiwa, akibanwa kwenye kimoja anaonekana mwongo kwenye vyote. Anayeweka alama (iv) au (v) lazima ajaze ile ya juu, walau jambo moja: siku, saa, alisimama wapi, aliona mkono wa nani ukifanya nini. Akikosa cha kuandika juu, arudi kwenye (i) hadi (iii). Huo ndio ulinzi dhidi ya masingizio, na mkulima mwenye haki hapotezi kitu.

Mwisho wa fomu, juu ya sahihi: "Maelezo haya ni ya kweli kwa kadiri ninavyofahamu na kuamini." Msiandike "ni ya kweli tupu". Mtu mwaminifu hawezi kuapa hivyo juu ya mambo aliyoambiwa.

---

Mpima wa Nachingwea:

Kwenye A ongeza "idadi ya magunia" na uandike yote mawili, uzito wa jumla na uzito halisi, la sivyo (iii) haitakuwa na cha kulinganishwa nacho. Na kwenye B weka saa ya kupima na jina la aliyesoma mizani kwa sauti. Mara nyingi anayesoma ni mmoja na anayeandika ni mwingine, na "sitini na nane" na "themanini na sita" zikitajwa haraka kwenye ghala lenye kelele ndipo tarakimu zinapogeuka. Asomaye ataje tarakimu moja moja, nane, sita, na mwandishi azirudie kabla ya gunia kushushwa.